Mume wangu amepata Viagra kwa mkoba wangu, na mimi ni mgonjwa wa mapafu

Hujambo Sista. Naomba usitaje jina langu juu wateja wangu wengi wanakusoma. Mimi ni msusi hapa Nakuru, niko na saluni ndogo Kaptembwa, miaka 29, mtoto mmoja wa miaka sita, na mume wangu ni fundi wa magari. Nitaandika mrefu, nivumilie.

Hii maneno ilianza kama miaka mitatu imepita na ilianza kwa mkono. Nikiwa nasuka, hasa zile rasta ndogo ndogo unakaa na mikono juu masaa sita, mkono wa kushoto ulikuwa unachoka hadi unakufa ganzi, naushusha, napumzika kidogo unarudi, nainua tena unachoka. Nikasema ni kazi. Halafu nikaanza kukonda, homa za jioni, jasho usiku, na pumzi ikawa shida, nyumba yetu iko ghorofa ya tatu na nilikuwa nasimama kwa ngazi mara mbili kabla nifike mlangoni kama mama mzee. Hospitali moja wakasema ni asma wakanipa inhela. Nyingine wakasema TB, makohozi yakapimwa mara mbili hakuna kitu lakini bado wakaniweka kwa dawa za TB miezi sita na nikamaliza zote, hakuna kilichobadilika. Na kila mahali nikipimwa presha mkono wa kushoto mashine inakataa kusoma, nesi anaigonga anasema imeharibika, anahamia mkono wa kulia, anaandika, tunaendelea.

Mwaka jana nikazimia saluni nikiwa na mteja kwa kiti. Nilipopelekwa, daktari mmoja kijana akanishika mikono yote miwili kwa wakati mmoja, akanyamaza, akaita mwenzake naye ashike. Mshipa wa kushoto haupigi. Nikatumwa Eldoret, nikafanyiwa siti skani ya mishipa ya damu na eko ya moyo, nikaambiwa niko na ugonjwa unaitwa Takayasu, ati kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo inashambulia mishipa mikubwa ya damu, na ile inayopeleka damu kwa mapafu pia imebanwa, ndio maana presha ya mapafu iko juu. Hata hiyo safari ya Eldoret, tukifika Timboroa nilidhani nitafia kwa matatu.

Nikapewa predinisoloni, methotreksati ya kila Jumapili, dawa ya kukojoa maji, na sildenafili mara tatu kwa siku. Sasa hii sildenafili ndiyo imeniletea balaa. Siku ya kwanza kwa kemisti karibu na steji, yule kijana alisoma karatasi akaniuliza kwa sauti, "Madam, hii si ni ya mzee?" Watu kwa foleni wakacheka. Tangu siku hiyo nilikuwa nazitoa kwa pakiti naziweka kwa chupa ya vitamini, naficha kwa mkoba. Wiki mbili zilizopita mume wangu alikuwa anatafuta chaja akaipata ile chupa pamoja na risiti, akaandika jina la dawa kwa Google, ikamwambia Viagra. Akaniuliza ni mwanaume gani ninamnunulia. Nilimwambia ni ya mapafu, akasema yeye si mtoto. Analala kwa kochi mpaka leo. Ukweli ni kwamba yeye anajua tu niko na "presha". Yale mengine sikuwahi kumwambia, niliogopa ataniona mzigo.

Mama mkwe naye amekuja kutoka Butere, anasema mkono usiopiga ni mkono uliorogwa, na anataka mjukuu wa pili. Hizo predinisoloni zimenivimbisha uso hadi majirani wananiuliza kama niko na mimba, na mama alifurahi sana kusikia hivyo. Nilichoka Sista. Nikaacha predinisoloni, leo ni siku ya nane. Hizo zingine bado nameza. Nasikia kichefuchefu na kizunguzungu nikisimama lakini angalau uso umeanza kupungua. Mama nimemwambia tutajaribu mtoto mwaka huu. Naweza? Na huyu mzee wangu nimwambie nini aniamini?

Msusi, Kaptembwa

JIBU

Mdogo wangu, ya mume na ya mtoto yatangoja kidogo, kwa sababu barua yako iliponifikia nilisoma ile "siku ya nane" nikairudia. Leo, si Jumatatu, piga simu kliniki waliokuanzishia dawa uwaambie umeacha predinisoloni ghafla na sasa unasikia kichefuchefu na kizunguzungu. Wasiposhika simu nenda kasualti ya hospitali kubwa iliyo karibu ukaseme maneno hayo hayo. Usijirudishie dozi ya kukisia nyumbani na usingoje uone kama kizunguzungu kitaisha chenyewe.

Nikueleze kwa nini. Juu ya figo zetu kuna tezi ndogo mbili ambazo kila siku hutengeneza steroidi ya mwili yenyewe, hiyo ndiyo inashikilia presha ya damu, sukari, na nguvu za kusimama wima. Predinisoloni nayo ni steroidi ya kutengenezwa. Ukiimeza kwa miezi, zile tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ukiacha ghafla dawa haipo na tezi bado zimelala, mtu anaanza na kichefuchefu kama hicho chako, anaishiwa nguvu, presha inaanguka, na akipata hata homa ya kawaida tu anaweza kufa. Ndiyo maana dawa hii hupunguzwa pole pole na daktari, kwa wiki na miezi. Na huo uso, najua, nimefanya unesi miaka mingi na nimeona wanawake wakilia mbele ya kioo kwa sababu yake, sitakuambia ni kitu kidogo. Lakini unapungua dozi ikipunguzwa kwa utaratibu, na methotreksati uliyopewa kazi yake moja ni hiyo hasa, kumwezesha daktari apunguze predinisoloni bila ugonjwa kuamka. Ungemwambia daktari vile majirani wanakuuliza angekusikiliza.

Sasa turudi kwa ugonjwa wenyewe kwa sababu nadhani ulipewa jina ukapewa na dawa, lakini hakuna aliyekaa chini akakuunganishia. Takayasu ni jina la daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, ambaye mwaka 1908 alieleza habari za msichana wa miaka 21 aliyekuwa na mishipa ya ajabu ndani ya macho, na wenzake wakasema nao wameona wagonjwa kama huyo ambao mshipa wa mkono haupigi. Baadaye watu wakauita ugonjwa wa kukosa mpigo. Kwa hivyo mkono wako una zaidi ya miaka 100 kwa vitabu vya madaktari, mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba huko Butere hakuna aliyekuroga. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza kabla ya miaka 40. Hauambukizi. Ule uchovu ukisuka, homa za jioni, kukonda, presha inayotofautiana mkono na mkono, zote ni dalili zake, na homa na jasho la usiku kwa nchi yetu zinafanana sana na TB hadi wengi wanapitia njia ile ile uliyopitia wewe.

Kinachotokea ni kwamba askari wa mwili wanageuka kupiga ukuta wa mishipa mikubwa, ule mkubwa unaotoka kwa moyo na matawi yake. Ukuta unavimba, unakuwa mnene, nafasi ya damu inapungua, na mwisho unabaki kovu. Kwa wagonjwa wengine, na wewe ni mmoja wao, hali hiyo inafika hadi kwa mishipa inayobeba damu kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kwa mapafu. Upande wa kulia wa moyo si wa nguvu nyingi, umezoea kusukuma damu kwa njia laini, kwa mtu mzima mwenye afya presha ya huko huwa kama 14 kwa wastani, na ikizidi 20 madaktari huiita presha ya mapafu. Njia ikibanwa moyo unasukuma kwa nguvu, unachoka, unatanuka, ndio unaona pumzi inakata kwa ngazi, miguu inafura, na siku nyingine unazimia kwa kiti cha saluni. Hii siyo ile presha inayopimwa kwa mkono. Mtu anaweza kupimwa mkono akaambiwa yuko sawa kabisa na mapafu yake yanaungua. Hata ile eko inakisia tu, kipimo chenyewe ni cha kupitisha mrija mwembamba kwa mshipa wa shingo au wa paja hadi kwa moyo. Kama hujafanyiwa, uliza, kwa sababu Takayasu inaweza pia kuharibu upande wa kushoto wa moyo ikaleta presha ya mapafu kwa njia nyingine, na matibabu hayafanani.

Ndiyo maana uko na dawa za aina mbili na moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine. Predinisoloni na methotreksati zinazima moto wa kinga. Sildenafili inalegeza mishipa midogo ya mapafu moyo upate nafuu, na ile ya kukojoa inatoa maji. Ukiacha ya moto ukabaki na ya kulegeza unajisikia nafuu siku mbili tatu huku ukuta wa mishipa unaendelea kuungua, na kovu likishaingia predinisoloni haiwezi kulitoa, hapo inabaki kutanua mshipa kwa puto au upasuaji, na hata hiyo madaktari wanapenda kuifanya moto ukiwa umetulia kwanza. Na hapo katikati usikose kliniki kwa sababu unajisikia vizuri au kwa sababu damu imetoka safi, ugonjwa huu unaweza kuwaka huku vipimo vya damu vikiwa vya kawaida.

Methotreksati ni mara moja kwa WIKI, naandika kwa herufi kubwa makusudi, nimeona mtu aliyeimeza kila siku kwa kudhani ni kama zingine. Jumapili yako ni Jumapili.

Haya, sildenafili. Huyo kijana wa kemisti alikukosea sana na mimi ningependa aisome hii. Dawa hiyo ilianza kuchunguzwa Uingereza kama dawa ya maumivu ya kifua yanayotokana na moyo. Ikaonekana inafanya kitu kingine kwa wanaume, Marekani wakaipitisha kwa kazi hiyo 1998 kwa jina la Viagra, ndilo jina ambalo dunia nzima inalijua. Lakini 2005 ikapitishwa tena, kwa jina lingine la Revatio, kwa presha ya mishipa ya mapafu, miligramu 20 mara tatu kwa siku, kwa wanaume na wanawake sawa. Hata watoto wachanga wanaozaliwa na presha ya mapafu hupewa sildenafili hospitalini. Mume wako alisoma Google ukweli nusu. Nusu ya pili asomewe na daktari, si wewe, kwa sababu kwa sasa kila utakachosema anasikia utetezi.

Na hapa nakuambia kama dada yako: Mume wako hakukuamini kwa sababu kweli ulimficha. Si mwanaume uliyemficha, ni ugonjwa, lakini yeye alichoona ni chupa ya vitamini yenye dawa isiyo vitamini. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hebu fikiria unazimia tena, yeye ndiye anakubeba hadi kasualti, anaulizwa anameza nini, anasema "presha na vitamini". Kuna dawa ya kuwekwa chini ya ulimi ambayo hupewa mtu mwenye maumivu ya kifua, za aina ya naitreti, hiyo ikikutana na sildenafili mwilini presha ya damu inaanguka vibaya sana. Mtu anayekupenda angeweza kukupoteza kwa kukosa neno moja. Na mtoto wa miaka sita akiona chupa ya vitamini ataonja. Rudisha kila dawa kwa pakiti yake leo, ziweke juu ambapo mtoto hafiki na mume anaona.

Maneno ya kumwambia? Usianze na Viagra. Anza na mkono. Mwambie aweke vidole kwa mkono wako wa kulia chini ya kidole gumba, ausikie mpigo, kisha auguse wa kushoto. Fundi wa magari anajua bomba lililobanwa linafanya nini kwa pampu, ataelewa haraka kuliko unavyodhani. Umuonyeshe barua ya Eldoret, umwambie uliogopa, na umwombe aje nawe kliniki inayofuata akae kwa chumba cha daktari, si kwa benchi la nje.

La mtoto. Natamani ningekuwa na jibu lingine. Miongozo ya madaktari wa moyo inashauri mwanamke mwenye presha ya mapafu asibebe mimba, kwa sababu mimba inaongeza damu mwilini karibu nusu ya ile uliyo nayo, yote ipite kwa njia yako iliyobanwa, isukumwe na upande wa moyo ambao tayari umechoka, na wakati wa hatari zaidi ni wa kujifungua na siku zinazofuata, mama anaweza kuwa ameshashika mtoto mkononi halafu moyo unakataa. Juu ya hayo methotreksati inaharibu mimba na inaleta kasoro kwa mtoto. Hukuniambia unatumia mpango gani wa uzazi na hilo limenisumbua. Kwa hivyo ukienda leo, omba pia upimwe mimba, kichefuchefu hicho kinaweza kuwa predinisoloni na kinaweza kuwa jambo lingine. Ikiwa haipo, chagua njia pamoja na daktari anayejua moyo wako. Vidonge vyenye estrojeni havikufai, vinagandisha damu. Sindano ya miezi mitatu inapunguza mifupa, na mifupa yako tayari inaliwa na predinisoloni. Wengi kama wewe huwekwa kijiti au kitanzi, lakini kitanzi kiwekwe hospitalini siyo kwa kliniki ya mtaa, na siku ukibadilishiwa dawa ya mapafu ukapewa bosentani, sema una kijiti, kwa sababu bosentani inakipunguzia nguvu. Mama mkwe asiahidiwe tena. Mwanawe ndiye amwambie, siyo wewe, na amwambie kwamba mjukuu aliye naye anahitaji mama yake.

Mambo madogo nayapitisha haraka. Andika kwa karatasi uweke kwa kadi ya hospitali: presha ipimwe mkono wa kulia. Jipime uzito kila asubuhi, ukiongezeka kilo 2 kwa siku tatu ni maji, piga simu. Punguza chumvi. Ukizimia, ukikohoa damu, ukiacha kuona ghafla au upande mmoja wa mwili ukalegea, ni kasualti saa hiyo hiyo. Kazi usiache kama daktari hajasema, lakini zile rasta za masaa sita mpe msichana mwingine, wewe baki na mistari na kuosha, ukikaa kwa stuli.

Na wewe shemeji, kama amekusomea hadi hapa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Timboroa inazidi 2,700, na huko juu oksijeni ni kidogo na mishipa ya mapafu hujikaza zaidi, ndiyo maana mke wako aliishiwa pumzi kwa matatu. Kabla ya safari ijayo ya Eldoret mpigie daktari umuulize kama anahitaji oksijeni njiani ama aende tu. Bei ya dawa ikiwashinda, ulizeni ofisi ya sosho woka ya hospitali kabla ya kuruka hata dozi moja. Na ile sildenafili, kesho ukitoka gereji, pitia wewe kwa kemisti uichukue.

Sista